Mbwa Niliyemshtaki kwa Baba Mkwe

Mimi Nyamoita nikikasirika sinyamazi, na ndiyo maana niliwahi kumshtaki mbwa kwa baba mkwe.

Mume wangu Bosire aliendesha gari la ng'ombe la shamba la chai, hapa Kericho. Alipeleka masanduku ya chai stesheni ya Kedowa na kurudi na magunia ya unga. Mwaka ule, wa pili baada ya nzige, mzungu mmoja wa Kedowa aliyefuga kondoo alifilisika, akauza kondoo wote, akafunga nyumba. Mbwa hakuna aliyewanunua. Mchungaji wake akampa Bosire mmoja wa miezi saba hivi, mweusi mwenye shingo nyeupe, jicho moja la kahawia na jingine la buluu. Bosire akaja naye juu ya magunia, anacheka peke yake.

"Mama Kemuma," akaniambia, "nimekuletea msaidizi."

"Msaidizi wa kula?"

Tulikaa laini, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba, katika nyumba ya duara yenye paa la nyasi na mlango mmoja. Nilikuwa na kuku kumi na watatu, bata wawili, kanga mmoja mwenye kiburi, na paka mzee aliyelala juu ya kuni mchana kutwa. Kuku wale niliwapata kwa jasho. Wakitotolewa vifaranga wanane, mwewe alichukua watano. Waliobaki walikua wakapotelea kwenye michai, na kuku aliyekutwa kwenye chai alikuwa mali ya aliyemkuta. Kila jioni nilikimbia kati ya michai nimeinama, naita kuku, mvua inanipiga mgongoni. Sasa mume wangu ananiletea meno mengine!

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mbwa naye alifungwa kamba shingoni wiki nzima. Bosire alimfundisha kama alivyoelekezwa na yule mchungaji. Jioni nilipowamwagia kuku chakula, alimlaza mbwa katikati yao, mkono juu ya shingo, mpaka kuku wakaanza kudonoa punje kwenye manyoya yake. Mbwa alitetemeka mwili mzima kwa hamu, lakini hakuinuka. Paka alikuja mara moja tu. Akamnusa pua, akaikwaruza, akarudi kwenye kuni zake. Kati ya hao wawili hapakuhitajika somo la pili.

Kamba ilipofunguliwa, taabu ikaanza. Mbwa yule hakuuma mtu wala kuku. Alikusanya. Hakuweza kuvumilia kuona kitu chochote kimetawanyika. Asubuhi aliwasukuma kuku kwenye kona ya ua, akalala mbele yao akiwakazia lile jicho la buluu, na hakuna kuku aliyethubutu kwenda kula. Siku tatu hawakutaga. Bata walipokwenda mtoni aliwarudisha kabla hawajalowa. Binti yangu Kemuma, wa miaka sita, alikusanywa pamoja na kanga. Na alasiri, wingu lilipotoka upande wa ziwa na radi ya kwanza ikalia, kama inavyolia huku karibu kila siku, alianza kumsukuma kila mwenye pumzi chini ya paa. Kuku bandani, watu nyumbani. Hata jirani yangu Ajwang, mke wa fundi wa kiwandani, aliyekuwa anapita tu na mtungi wake.

"Mama Kemuma!" akapiga kelele mlangoni kwangu. "Hii mbwa yako imenishika! Mimi si kuku, mimi ni mtu ya Uyoma!"

Laini nzima ikacheka, na kuanzia siku hiyo wakamwita Nyapara, kwa sababu hata nyapara wa kweli hakutukusanya hivyo. Mimi sikucheka. Jioni ileile nilimkuta Ogari, kijana wa kwetu asiye na mke, akifunga mzigo kwenda likizo Kisii.

"Ukifika, mwambie Mzee Atuti hivi," nikamwambia. "Mwanao ameleta mbwa ya mzungu, na sasa inatawala nyumba kuliko mimi. Aje aamue."

Kwetu mke hagombani na mumewe mpaka mwisho. Anapeleka neno kwa baba mkwe, na baba mkwe akishasema, hakuna wa kusema tena. Mdomo huponza kichwa, lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa hasira tu.

Ogari akaenda. Wiki zikapita. Kuku wakamzoea Nyapara, wakaanza kutaga tena. Naye nikamfundisha neno moja, "Waache!", akajifunza kwamba kuku lazima wale. Asubuhi moja nilikuwa naosha sufuria, kanga akapiga yowe. Nikainua kichwa. Mwewe alikuwa anashuka, na kuku wangu wa madoadoa alikuwa na vifaranga tisa nje. Nasema alikuwa nao, lakini hawakuwako. Nyapara alikwisha kuwafagia wote tisa chini ya banda na kulala mlangoni. Mwewe akatua kwenye ua mtupu, akatazama huku, akatazama kule, akaondoka na kucha zake tupu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamchemshia mbwa yai. Ndiyo, yai, na Bosire hakuambiwa.

Jioni sikukimbia tena. Nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikaita "Nyapara!", na kuku wakatoka kwenye michai mmoja nyuma ya mwingine, bata mwishoni wakilalamika. Nilimpenda mbwa yule. Sioni aibu kusema. Na katika kumpenda nikasahau kabisa kwamba nilikuwa nimemshtaki.

Jumamosi moja Ogari akarudi. Nyuma yake alikuja Mzee Atuti, kabuti begani, fimbo mkononi. Alikuwa ametembea siku mbili, akalala Sotik, kuja kusikiliza kesi ya mbwa.

Sasa, asiye wa kwetu aelewe jambo hili. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, maisha yake yote. Hata mlango haukaribii. Mimi simtazami usoni wala simpi kitu mkononi. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na anayeivunja huwaletea aibu na mikosi wote wa nyumba. Kwa hiyo mzee alilala kwa Ogari, mwisho kabisa wa laini, na mchana alikaa kwenye kigoda kando ya ua wa kuku. Maneno yetu yalipita kwa Kemuma, kwa sababu babu na mjukuu hawana mipaka.

Jumapili baada ya sala kesi ikaanza. Bosire alikaa upande wa baba yake. Mimi nilisimama mbali, nimeinamisha macho. Mshtakiwa alilala katikati, kifaranga mmoja juu ya mgongo wake.

"Kemuma," mzee akasema, "muulize mama yako, maneno niliyoletewa na Ogari ni yake?"

"Mama, Babu anauliza..."

"Ni yangu," nikasema. "Lakini mwambie Babu kwamba siku hizi..."

Mzee akainua fimbo kidogo. "Ni yake. Nimetembea siku mbili. Kama maneno yalibadilika, yangekutana na mimi njiani."

Ningejibu nini? Kubishana naye mbele ya mume wangu na mtoto?

"Mbwa inayokusanya kuku leo, kesho itaonja," mzee akasema. "Tena hii ni mbwa ya ng'ombe, na ng'ombe niko nazo. Jumanne nikirudi, inarudi na mimi."

Bosire akanitazama. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu Bosire akaenda na gari lake. Mzee alikaa kwenye kigoda, akisuka kamba ya katani ya kumfungia mbwa safarini. Kila nilipotoka kuchukua kuni niliona kamba imerefuka. Nilitafuta neno la kumtuma Kemuma. Nikapata maneno kumi, nikayaogopa yote.

Alasiri wingu likaja jeusi, na baridi yake mbele. Radi ikalia. Nyapara akaruka. Akawaingiza kuku, akawaingiza bata, akamrudia kanga mara mbili, akamtoa paka kwenye kuni, akamsukuma Kemuma ndani, kisha akaja kwangu na kunigusa kisigino. Nikaingia. Akageuka kuhesabu, na akamwona mmoja aliyebaki nje.

Mvua ya mawe ikaanguka. Si ile ndogo ya kuchezea watoto. Ilikuwa ile inayochana majani ya chai mpaka wazungu wanashika vichwa. Mzee akasimama aende kwa Ogari, lakini kwa Ogari kulikuwa mbali, na mawe yalimpiga kichwani juu ya kofia. Nyapara akafika nyuma ya visigino vyake. Mbwa hajui chinsoni. Alijua kuku ni wa bandani na watu ni wa nyumbani, na huyu hakuwa kuku.

"Toka! Toka wewe!" mzee alimgeukia akipiga kelele, fimbo juu, akirudi nyuma hatua kwa hatua. Kila hatua ilimleta kwangu. Hatua kumi. Tano. Tatu.

Nikapiga yowe, nikaubamiza mlango na kuuegemea kwa mgongo. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu baba mkwe siku ile nilipomfungia mlango usoni.

"Kemuma, chungulia! Yuko wapi?"

Kemuma akaweka jicho kwenye ufa. "Amesimama. Mbwa inaangalia mlango. Sasa inaangalia Babu."

"Halafu?"

"Inafikiri." Akasogeza jicho karibu zaidi. "Mama! Inamgeuza!"

"Inampeleka wapi?"

"Kwa kuku."

Banda lile Bosire alilijenga kwa vipande vya mbao na paa la madebe yaliyokunjuliwa, na mlango wake ulinifika kiunoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kemuma aliniambia kofia ilitangulia, kisha fimbo, kisha babu yake kwa magoti, na mbwa akaingia wa mwisho.

Mawe yakapiga madebe mpaka hatukusikiana humo ndani. Nilikaa chini nikalia. Nilikuwa nimemtoa mzee wa watu Kisii kwa miguu, nikamlaza na kuku. Wangesema nini kwetu? Na mbwa je, baada ya kumdharau mzee hivyo, angefika Kisii akiwa hai?

Mvua ikakatika ghafla. Nikafungua mlango kidogo. Ua ulikuwa mweupe wote. Kisha nikasikia sauti kutoka bandani, nikadhani ni kikohozi. Mzee Atuti alikuwa anacheka.

Alitoka kwa magoti. Mavi ya kuku begani, unyoya kwenye ndevu, na kifaranga mmoja akilia ndani ya mfuko wa kabuti. Wakati huohuo Bosire akafika, amelowa chapachapa, akamkuta baba yake hivyo.

"Bosire," mzee akasema, "uko hapa miaka mingapi?"

"Minne, Baba."

"Miaka minne. Kuku umejengea nyumba. Bata wanalala kwa kuku. Hata paka iko na mahali yake. Mvua imekuja leo, kila mmoja ameenda kwake, na baba yako amebaki nje kama jiwe." Akamtoa kifaranga mfukoni, akamweka chini taratibu. "Nyinyi wote hamkuona. Mbwa imeona."

Ukweli ule uliniuma.

"Kemuma," mzee akaendelea, "muulize mama yako kama maneno aliyonitumia bado ni yake."

Kemuma hakuwahi hata kugeuka. "Si yangu tena!" nikaiambia miguu yangu, kwa sauti iliyosikika laini nzima.

"Basi. Mbwa ibaki."

Nililia tena, lakini safari hii nikicheka. Mzee hakuondoka Jumanne. Aliondoka Ijumaa, baada ya yeye na Bosire kusimamisha kibanda kidogo upande wa pili wa banda la kuku, chenye mlango wa kuingia bila kuinama. Fito zake walizifunga kwa ile kamba ya katani.

Tangu hapo huja kila mwaka wimbi likishavunwa. Nyapara humpokea barabarani, humpeleka moja kwa moja kibandani kwake, hulala mlangoni mpaka aketi, ndipo hurudi kwa kuku. Na Ogari huniambia kwamba huko Kisii mzee hachoki kuwasimulia wenzake jinsi mke wa mwanawe alivyomfungia mlango usoni kwenye mvua ya mawe. Wazee husikiliza mpaka mwisho, hutikisa vichwa, na kusema huyo mwanamke alilelewa vyema.