Jiwe Lililomwangukia Habibu

Nyundo zilisikika kabla Mwajabu hajafika juu. Zilikuwa mbili, moja nzito na nyingine nyepesi, zikipokezana, na mlio wake ulishuka bondeni kuelekea Kolo, ambako saa ile ya swala ya Ijumaa hapakuwa na wa kuusikia. Wanaume walikuwa msikitini. Mwajabu alikuwa amepanda kuangalia kama mvua zimeharibu njia ya Pango la Twiga, maana wanafunzi wa chuo kutoka Dodoma walitarajiwa wiki iliyofuata. Alisimama, akashusha pumzi, kisha badala ya kurudi akaongeza mwendo.

Alikuwa mwongoza wageni kwenye michoro ya miambani, na marehemu baba yake alikuwa mlinzi wa miamba hiyohiyo. Kazi yake ilikuwa kusimulia: wawindaji wa kale na rangi yao nyekundu, Warangi waliolima milima hii, Wajerumani na boma lao pale Kondoa, vita vya mwaka 1916 vilivyowang'oa, Waingereza waliofuata, hadi uhuru. Wageni walipenda habari za wawindaji. Vijana wa vijijini walipenda habari za Wajerumani, kwa sababu iliaminika kwamba askari wao walipokimbia walizika dhahabu chini ya miamba. Kila baada ya muda shimo jipya lilionekana mahali fulani. Hakuna aliyewahi kupata kitu, na hilo halikumvunja moyo yeyote.

Mdomoni mwa pango aliwaona. Mmoja alikuwa mgeni, mtu mzima mwenye kofia, kando yake kimelazwa kifaa cha kutafutia madini. Wa pili alikuwa amezama kiunoni ndani ya shimo. Alipoinua uso, Mwajabu alimtambua mdogo wake, Habibu.

Kilichomtisha zaidi ni lile bamba la mwamba. Lilikuwa limesimama mdomoni mwa pango tangu enzi na enzi, refu kuliko mtu, na juu yake alichorwa twiga mmoja mwembamba anayegeuza shingo nyuma kama aliyeitwa. Walikuwa wamewasha moto chini yake na kulimwagia maji lipasuke. Ufa ulikuwa umepanda ukapita katikati ya shingo ya twiga, na ndani ya ufa walikuwa wamepachika kabari za chuma.

"Dada, shuka," Habibu alisema. "Hukuona kitu."

Mwajabu akamwambia atoke shimoni. Yule mgeni, aliyejitambulisha kwa upole kuwa anaitwa Msafiri, akaanza kueleza kwamba kifaa chake kimelia mara tatu, kwamba wamebakiza kidogo tu, na kwamba yeye kama dada hatasahauliwa. Mwajabu akampa mgongo. Alimwuliza mdogo wake baba yao angesema nini.

"Baba alilinda mawe mpaka akafa, na tulimzika kwa mchango," Habibu alisema. "Alizeti msimu huu imekosa mnunuzi. Kule Dodoma wanajenga maghorofa ya serikali, huku tunaambiwa tutunze picha. Huyu twiga amenilisha lini?"

Mwajabu akatoa simu. Alijua mtandao haushiki pale pangoni, lakini wao hawakujua, au alidhani hawajui. Msafiri akainuka. Habibu, akitaka kuondoa zana zake kabla mambo hayajaharibika, akainama ndani ya shimo kuuchomoa mtaimbo uliokuwa umekita chini ya bamba.

Bamba halikuanguka kwa kishindo. Liliteleza taratibu kwenye udongo uliochimbwa, kama mzee anayekaa chini, likalala mshazari juu ya shimo. Vumbi lilipotulia Habibu alikuwa ndani yake, kifua na mikono nje, miguu haionekani. Hakupiga kelele. Alimtazama dada yake kwa mshangao.

Msafiri alikimbia. Mwajabu alimwita kwa jina alilokuwa ametoka kulisikia, akamwambia waliinue wote wawili, lakini mtu yule alikuwa ameshafika chini, na baada ya muda mfupi pikipiki ya Habibu ikasikika ikinguruma na kupotea.

Mwajabu alipanda mbio hadi kwenye ukingo ambako mtandao hushika, akampigia mjomba wake Abubakari, mwenyekiti wa kijiji. Simu iliita bila kujibiwa. Akapiga tena na tena. Mwishowe mjomba akapokea, sauti bado ya mtu aliyetoka kusali. Mwajabu alisalimia shikamoo bila kufikiri, akaeleza, akaomba waje na jeki ya lori. Mjomba akasema wanakuja sasa hivi, lakini lori liko shambani, itabidi lifuatwe.

Aliporudi alipiga magoti karibu na shimo. Habibu alikuwa amelowa jasho.

"Wanakuja na jeki," akamwambia. "Wataliinua lote. Tulia."

"Linashuka, Dada."

Mwajabu akaweka kiganja kwenye jiwe. Hakuhisi kitu. Akasema halishuki.

"Kabari bado ziko kwenye ufa," Habibu alisema. "Nyundo ile pale. Ukizigonga, nusu ya juu itamegeka iangukie nje. Nitapata nafasi."

Mwajabu alitazama. Alikuwa amesema kweli. Ufa ulikuwa umelikata bamba karibu lote, na nusu ya juu, iliyobeba kichwa cha twiga na kipande cha shingo, ndiyo iliyokuwa ikiikandamiza nusu ya chini. Lakini jeki ingeinua bamba zima. Jiwe lililopasuka linaweza kusimamishwa tena na mafundi. Lililovunjika vipande halina mtu wa kuliunga. Akasikiliza kama kuna injini njiani. Hakuna. Akainua macho kwenye mchoro, na macho yakabaki pale.

"Dada, mguu siusikii."

"Wanakaribia," alisema, ingawa hakuwasikia.

Ndipo udongo wa pembeni ya shimo ukamomonyoka. Bamba lilizama kidogo tu, lakini Habibu alitoa sauti ambayo haikuwa neno, na midomo yake ikageuka rangi. Mwajabu akanyanyuka. Nyundo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Pigo la kwanza liliteleza na kumgusa goti. La pili liliipata kabari. Aligonga huku akilia, akigonga palepale, mpaka jiwe likatoa mlio mkavu na nusu ya juu ikateleza nje ya pango, ikavunjikia kwenye miamba ya chini. Hakuigeukia. Alichomeka mtaimbo chini ya kilichobaki, akaulalia kwa uzito wake wote, na Habibu akajivuta kwa viwiko, sentimita kwa sentimita, hadi miguu yake ikatoka.

Wanaume walifika na jeki wakati Mwajabu ameshamfunga mdogo wake mguu kwa khanga. Walimbeba hadi barabarani, na lori likawapeleka hospitali Kondoa.

Jioni ile, nje ya wodi, mjomba Abubakari alimketisha Mwajabu kando. Alisema Habibu ameponea chupuchupu na hilo ndilo la kushukuru. Lakini polisi watakuja, na afisa wa mambo ya kale atakuja kutoka Dodoma. Yule Msafiri amekwenda zake na hatarudi kujitetea. Basi iwe ni yeye aliyechimba, yeye aliyevunja, na Habibu alikuwa akipita akaangukiwa.

"Mama yenu ana mtoto wa kiume mmoja," alimalizia.

Mwajabu hakumbishia. Alimheshimu, na alijua kwamba hakuna kijijini ambaye angefanya vingine.

Afisa alikuja Jumatatu. Aliitwa Devota, mwanamke asiyeongea sana. Walipanda pamoja, na mjomba akiwa nyuma yao. Devota alizunguka vipande vile kwa muda mrefu, akaviinamia, akapiga picha. Kisha akauliza nani amelivunja jiwe.

Mjomba alikohoa.

"Niliivunja mimi picha hii," Mwajabu alisema. "Kwa nyundo. Shimo alilichimba mdogo wangu pamoja na mtu anayeitwa Msafiri. Moto waliuwasha wao."

Mjomba aligeuka akaanza kushuka peke yake.

Habibu alifikishwa mahakamani akiwa na magongo. Hakimu alizingatia mguu wake na kukiri kwake, akampa kifungo cha nje. Msafiri hakupatikana, ilisemekana pikipiki iliuzwa huko Kongwa. Mwajabu alisimamishwa kazi wakati wa uchunguzi, kisha akarudishwa. Pango likafungwa kwa wageni. Mama yake aliendelea kumpikia, lakini msimu mzima hakumwita kwa jina.

Adhabu ilipokwisha Habibu alihamia Nzuguni, pembeni mwa Dodoma, akawa fundi wa kuchomelea mageti ya nyumba mpya zinazoota kila upande. Mwajabu alikwenda kumtembelea alipokuwa Dodoma kwa semina. Walikaa nje ya chumba chake, wakaongea habari za mama, za bei ya chuma, za mvua. Kisha Habibu akasema bila kumtazama:

"Siku ile, kabla hujashika nyundo. Ulikuwa unamwangalia twiga."

Mwajabu alifikiria majibu mengi, na mengine yalikuwa na ukweli ndani yake.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa namwangalia."

Habibu aliukunja mguu mbovu kwa mkono, akaunyoosha tena. Geti la jirani lilifunguliwa likafungwa. Mwajabu alisubiri aambiwe aondoke, na alikuwa tayari kuondoka.

"Basi la kwenda Kondoa linatoka alfajiri," Habibu alisema hatimaye. "Kutoka hapa hadi kituoni ni mbali. Lala hapa, nitakusindikiza."