Vigelegele vya Munyao

Mimi Ndunda ni mtu wa kipaza sauti. Mchango nauita harambee, kuzindua choo cha shule nakuita hafla, na mazishi siku hizi tunayaita kusherehekea maisha ya marehemu. Kila shughuli ina neno lake tamu, na mimi ndiye ninayelipwa kulitamka. Lakini asubuhi ile ya Sikukuu ya Mashujaa, katika uwanja wa Kithyoko, maneno hayo yalinishinda kabla hata sijawasha mitambo.

Chifu alinipa ratiba. Baada ya gwaride la wanafunzi, ningemwita mama mmoja, Nzembi, apokee cheti cha mwanawe Munyao, mwendesha bodaboda aliyekufa mafurikoni mwezi wa Aprili. Kando ya jina hilo chifu alikuwa ameandika kwa kalamu: vigelegele. Akanisisitizia nitaje sherehe kila mara, maana watu wakichoka huenda zao sokoni.

Mafuriko yale nayajua. Pikapu iliyokwama mtoni ilikuwa imebeba spika zangu, na mtu wa kwanza kuokolewa nilikuwa mimi. Munyao alinivuta hadi ukingoni, akapiga fundo kwenye ncha ya kamba, akanipa niishike. Ncha nyingine akajifunga kiunoni, akarudi kwa dereva. Akamsukuma hadi kwenye mti. Kisha maji yakapanda, kamba ikaanza kunivuta, nikaogopa kufa. Nikaiachilia. Watu walipofika niliwaambia imekatika, wakanipa pole. Hata mazishini ni mimi niliyeongoza, na nilisema vizuri sana, Mungu anisamehe.

Sasa Nzembi alikuwa safu ya mbele, kiondo magotini, amekishika kwa mikono yote miwili. Asubuhi alikuwa amenifuata kwenye mitambo akaniuliza leo nitamwitaje mwanawe. Nikamjibu nitamwita shujaa. Akasema hilo ni neno la chifu, akaenda kuketi. Tangu hapo nilitaja sherehe mara mbili tu. Kwaya iliimba, nami nikaomba kimoyomoyo wasimalize.

Walimaliza. Nikamwita. Alipanda jukwaani polepole, akapokea cheti bila kukisoma, kisha akaninyooshea mkono apewe kipaza sauti. Jambo hilo halikuwa kwenye ratiba. Nilimpa kwa sababu nilishindwa kumnyima.

"Siku ya kumzika mliniambia tunasherehekea maisha yake," alisema. "Leo mnaniambia tena ni sherehe. Sikatai. Lakini niko na swali moja, na ni la Ndunda."

Akaingiza mkono kiondoni akatoa kamba. Ilikuwa imekauka na kukakamaa. Akaivuta taratibu mpaka ncha, akanionyesha fundo, lile lile nililopewa kushika.

"Hii ndiyo walimtoa nayo kiunoni. Nimeiangalia tangu Aprili. Imekatika wapi?"

Akanirudishia kipaza sauti. Maneno yangu yote niliyatafuta, yale ya harusi na yale ya misiba, sikupata hata moja la kusimama mbele ya fundo lile.

"Haikukatika, mwaitu, mama yangu," nilisema, na spika zangu zikalipeleka jibu hilo hadi sokoni. "Niliogopa. Niliiachilia."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alikunja kamba, akairudisha kiondoni juu ya cheti, akasema kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, "Miezi sita umeniacha nikifikiria mwanangu alifunga kamba vibaya." Kisha akashuka ngazi, na watu wakampisha njia.

Chifu alinigusa bega, akaniwekea kidole kwenye ratiba, pale alipoandika vigelegele. Nikazima mitambo.