Ukungu wa Kaswera

Kaswera alikuwa mtu pekee mjini Bunia aliyeuza michuzi ya Kijapani, na sababu haikuwa siri: hapakuwa na mwingine aliyeitaka biashara hiyo. Duka lake lilikuwa kwenye njia inayoshuka sokoni, katikati ya maduka mengine kumi na moja yaliyouza sabuni, sukari, chumvi na mafuta. Yeye alipanga chupa za mchuzi wa soya, siki ya mchele, mayonezi ya kukamuliwa, na haradali ya kijani iliyowatoa machozi hata wale walioipenda. Bidhaa zilitoka Kampala kwa njia ya forodha ya Aru, na kila barabara ilipofungwa rafu ilibaki na vumbi. Wanunuzi walikuwa wageni wa mashirika, waliokuja baada ya vita kuilinda amani ambayo wenyeji wenyewe waliitazama kwa jicho la pembeni.

Biashara ya namna hiyo huishi kwa uhai wa mgeni. Mgeni akihamishwa, rafu inakufa. Kaswera aliliona hilo mapema, kwa kuwa alizaliwa Butembo katika ukoo wa wafanyabiashara, na tangu utotoni alifundishwa kutouliza bidhaa inauzwaje leo bali nani ataitaka mwaka kesho. Ndiyo maana alipofahamiana na mama mmoja Mjapani, aliyefanya kazi katika mradi wa lishe ya watoto, hakumwuliza habari za Japani. Alimwuliza mchuzi unatengenezwaje.

Alifundishwa kwa miezi minne, katika chumba cha nyuma ya duka. Soya hulowekwa, huchemshwa mpaka ipondeke kati ya vidole viwili, kisha huchanganywa na ngano iliyokaangwa na kuvunjwavunjwa. Soya ilikuwa tele mjini, na ngano ilishuka kutoka milima ya Kpandroma. Mchanganyiko hunyunyiziwa unga wa ukungu, aina moja tu ya ukungu, ambayo Wajapani huiita koji, ukatandazwa kwenye masinia ya mbao na kufunikwa kitambaa. Kwa siku tatu hugeuzwa na kupimwa joto kama mtoto mwenye homa. Siku ya tatu kila punje huwa imevaa manyoya meupe yanayoelekea njano na kijani, na hapo ndipo huingizwa katika pipa la maji ya chumvi. Kazi iliyobaki ni ya wakati: miezi minane, kumi, pengine mwaka.

Soya, ngano na chumvi hupatikana popote. Ukungu ule haukupatikana Bunia wala Kampala. Mjapani alipoondoka alimwachia pakiti moja, akamwonyesha jinsi ya kuacha sinia moja mpaka siku ya tano, likolee ukijani, akaushe mbegu yake kwa ajili ya mara nyingine.

Pipa la kwanza lilioza. La pili lilitoa mchuzi mweusi wenye harufu ya mkate na ya nyama iliyokauka motoni. Donatien, aliyechoma mbuzi mbele ya nganda moja, kilabu cha pombe karibu na mzunguko wa barabara, aliuonja kwa kidole, akachukua chupa mbili. Akawa anaupaka nyama kabla ya kuigeuza. Wanywaji wa pombe wa nganda ile walikula na kulamba mikono, wala hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Kwa mara ya kwanza Kaswera alikuwa na mnunuzi ambaye hangepandishwa ndege siku moja akaenda zake.

Kisha akaja Roger. Huyu alinunua vyakula kwa niaba ya kampuni iliyopikia kambi ya wachimba dhahabu, upande wa Mongbwalu, ambako wapishi walimwaga mchuzi wa soya katika kila kitu. Alikuwa amechoka kungoja malori ya Aru. Aliuonja mchuzi wa Kaswera, akauliza maswali ya mtu anayeijua kazi yake, akatoa masharti mawili. Kwanza, cheti cha ofisi ya ukaguzi wa vyakula. Pili, aone kwa macho yake mapipa matatu mapya yakiwa yameanzishwa kwa pamoja, ili ajue kwamba mwaka ujao mchuzi hautakatika. Akiyaona hayo Ijumaa, angeandika mkataba. Asipoyaona, malori ya Aru yangeendelea.

Mapipa matatu yalihitaji masinia kumi na mawili. Kaswera alitumia mbegu yote aliyokuwa nayo, hata vumbi la mwisho la pakiti, akijiambia kwamba sinia la kumi na mbili angeliacha mpaka siku ya tano. Hesabu ilikuwa sahihi. Jumatatu asubuhi alitandaza. Jumanne mchana manyoya ya kwanza yalionekana.

Jumanne ileile, kabla jua halijashuka, mama mkwe wake akafika.

Mama Charlotte alikuwa ametembea kutoka kijiji kimoja kando ya barabara ya Komanda. Watu wenye silaha walipita huko usiku wa Jumapili. Hawakuua mtu, walichukua mbuzi na kuchoma ghala mbili, moja ikiwa yake, na kwa kipimo cha miaka ile hilo halikuhesabiwa kuwa vita. Alikuja na kitenge na sufuria. Mwanawe, Marcellin, mume wa Kaswera, alikuwa amekufa zamani, wakati bunduki zilikuwa bado zinasema mjini; lakini kifo hakivunji ukwe, na Kaswera alimpokea kwa magoti, akampa maji ya kuoga na kitanda chake mwenyewe.

Jumatano asubuhi, siku ya tatu ya koji, ofisi ya ukaguzi ikamwita Kaswera aje kutia sahihi cheti. Lazima aje mwenyewe, wakasema, na leo, kwa sababu kesho mkuu anasafiri.

Aligeuza soya mara ya mwisho, akatoka chumba cha nyuma, akashika kufuli. Kila siku alikifunga chumba kile. Siku hiyo mama mkwe alikuwa ameketi hatua sita kutoka mlangoni, anakunywa chai. Kufunga mlango wa ndani mbele ya mama wa mume, asubuhi ya kwanza tangu afike, akiwa amekimbia na kupoteza ghala, ni kumwambia jambo moja tu, nalo halisemwi. Njia ya pili ilikuwa kumweleza: kilichomo humo ndani kinaonekana kibovu, usikiguse. Lakini mkwe hampi mama mkwe makatazo, hasa akiwa mgeni wa usiku mmoja. Kaswera alipima yote mawili kwa muda wa kufunga kitambaa kichwani. Akaliacha kufuli likining'inia wazi.

"Mama, ukae tu," alisema. "Upumzike. Hakuna kazi."

"Nenda, mutoto yangu. Miye niko."

Ofisini alingoja mpaka saa tisa alasiri. Cheti kilitolewa, mihuri miwili.

Aliporudi aliiona shida kabla ya kuingia. Uani turubai la buluu lilikuwa limetandazwa juani, na juu yake soya na ngano, zimeoshwa zikang'aa, kila punje mbali na nyingine. Masinia kumi na mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani, yamesuguliwa kwa mchanga. Mama Charlotte alikuwa amepiga magoti pembeni, anafukuza kuku kwa kipande cha boksi.

Katika vijiji vya Ituri muhogo huvundikwa chini ya majani ya ndizi mpaka uote ukungu. Ukungu huo hulainisha mizizi na kuondoa uchungu. Kisha, na hapa hakuna mwanamke anayehitaji kuelekezwa, hukwanguliwa kwa kisu, muhogo huoshwa na kuanikwa kabla ya kuwa unga wa bugali. Mwenye kuchelewa kukwangua huitwa mvivu. Mama Charlotte alikuwa amefungua mlango kutafuta ufagio, akakuta masinia kumi na mawili ya mwanamke aliyechelewa.

"Nilikuta yote iko inapita," alisema, bila kuacha kufukuza kuku. "Ukungu ilikuwa imepanda mpaka kwa kitambaa, imeanza kuwa kijani. Siku moja tena, ungetupa yote. Weye uko peke yako, najua, duka iko inakula mikono yako. Nimekwangula, nimeosha mara tatu. Hata punje moja haikupotea."

Kaswera alitazama mikono ya mwanamke yule. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kwa maji.

"Aksanti, mama," alisema. "Aksanti sana."

Alichofanya baadaye kilikuwa cha mtu anayejua kwamba hakuna matumaini lakini hataki kuulizwa kesho kwa nini hakujaribu. Aliuliza, kama kwa mazungumzo, maganda ya ukungu yalitupwa wapi. Kwa kuku, aliambiwa, na maji yalimwagwa mferejini. Alikwenda mferejini. Usiku ule alitafuta hata chembe moja ya mbegu kwenye nyufa za masinia; mchanga ulikuwa umefika kila ufa. Alichemsha soya nyingine, akaitandaza kwenye sinia moja bila mbegu. Kufikia Ijumaa ilikuwa imeota weusi na wekundu, ikanuka kama panya aliyekufa.

Roger akaja saa nne. Kaswera alimpa cheti, akamwonyesha mapipa matatu matupu na maji ya chumvi yaliyokuwa tayari, akamweleza yote kwa utaratibu, kwa sauti ndogo, kwa sababu mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta anapepeta mchele. Roger alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki. Alikubali hata kuonja tena pipa la zamani, ambalo bado lilikuwa na nusu.

"Na mbegu ingine?"

Alikuwa amemwandikia Mjapani siku ya Alhamisi, kutoka duka la kompyuta. Jibu lilikuja upesi na lilikuwa la upole: atatuma pakiti kwa posta, aandike anwani. Kaswera alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na hakuwahi kumwona mtu wa posta akileta kitu Bunia. Aliandika anwani. Huenda pakiti ilitumwa.

"Mama Kaswera," Roger alisema, "miye nakuamini. Lakini mupishi anaombaka sosi kila juma, haombaka maelezo. Kama mapipa inaanza leo, ni mwaka. Kama haianze, ni nini?"

Lilikuwa swali la hesabu, na wote wawili walijua jawabu lake. Roger alipeana naye mkono kwa heshima, akaondoka. Malori ya Aru yaliendelea.

Bado kulikuwa na Donatien, na nusu ya pipa, na hiyo ilitosha kwa miezi michache. Kaswera hakuwa mtu wa kulia juu ya pipa tupu wakati liko lenye kitu. Lakini shukrani aliyoitoa uani ilikuwa inatembea mjini kwa miguu yake yenyewe. Mama Charlotte, kila alfajiri alipokwenda kuteka maji bombani, aliulizwa na wanawake wa mtaa anaishije kwa mkwe, naye alijibu kama mama yeyote mwenye kuheshimiwa: anaishi vizuri, na hakai bure. Akawasimulia masinia kumi na mawili. Ukungu wa kijani, mpaka kwa kitambaa. Chumba kizima kikinuka. Na huyo mwanamke wa watu, duka limemzidi, alikuwa tayari kuitia yote katika pipa atengeneze ile sosi yake nyeusi. Alisema hivyo kwa kumsifu, kuonyesha jinsi mkwe wake anavyofanya kazi mpaka haoni.

Baada ya wiki mbili Donatien alirudisha chupa tatu, moja ikiwa imefunguliwa. Aliziweka juu ya meza taratibu.

"Mama, si miye. Miye natiaka kwa mboga ya sombe nyumbani hata sasa. Ni wateja. Jana mumoja aliniuliza mbele ya nganda yote: Donatien, hii mbuzi yako ilikufa lini? Banacheka. Lakini kisha kucheka, hakuna alinunua."

"Wao wenyewe banakulaka bugali ya muhogo ya ukungu kila siku."

"Ndiyo, mama. Lakini ile banakwangulaka."

Kaswera alizirudisha chupa kwenye rafu. Angeweza kumwomba mama mkwe anyamaze. Lakini ili anyamaze ingebidi aelewe alichofanya, na mzee aliyekimbia na sufuria moja, akamkuta mtu mmoja duniani wa kumwambia aksanti, hapewi habari ya namna hiyo. Si kwa ajili ya mchuzi. Aliirudisha ile aksanti yake ya uani ndani ya moyo, akaitazama kama mtu anavyotazama noti, akaona kwamba angeitoa vilevile mara ya pili.

Soya ile iliyooshwa ilisagwa. Walikunywa uji wake asubuhi kwa miezi miwili, na ulikuwa uji mzuri. Mchuzi uliobaki pipani haukupata mnunuzi; wageni wa shirika la mwisho lililokuwa likinunua walihamishiwa Goma kabla ya mvua. Kaswera aliumwaga siku ya Jumamosi, polepole, kwenye mfereji wa barabara, na mbwa wawili walikuja kunusa wakaenda zao.

Jumatatu alikwenda kwa mwenye ghala, akachukua sabuni ya mche, sukari, viberiti na mafuta ya mawese, akavipanga kwenye rafu kama vilivyopangwa katika maduka mengine kumi na moja. Mama Charlotte aliketi mlangoni. Wapita njia walimsalimu yeye kwanza, kama ipasavyo, halafu wakaingia, au hawakuingia.

"Sasa duka yako iko na harufu ya muzuri," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema Kaswera, akaendelea kukata mche wa sabuni vipande vipande.