Daftari la Sukari ya Mheshimiwa

Mimi na paka hatupikiki chungu kimoja. Huyu wa kwetu alikuwa wa mama mkwe wangu, dume jeusi lenye kitambi, nami nikambandika jina Mheshimiwa kwa vile alikaa kwenye kochi akingoja kuhudumiwa. Ila tangu baba mkwe afariki, Mama alikuwa hali mpaka paka ale, halali mpaka paka alale. Mume wangu, dereva wa malori ya masafa marefu, aliniambia kabla ya kuondoka: paka huyu akifa, Mama atamfuata. Makubwa haya! Nikawa mlinzi wa uhai wa mnyama nisiyempenda.

Mheshimiwa alikuwa na kisukari, kama Mama mwenyewe. Tulishazoea. Saa moja asubuhi na saa moja jioni Mama humtoboa ukingo wa sikio, huweka tone la damu kwenye kijiti cha kipimo, huandika namba daftarini. Mimi huacha mapazia yangu kwenye cherehani, nikamchoma sindano ya insulini. Kisha kongosho lake likavimba. Akatapika siku tatu, hata samaki akamkataa. Daktari wa wanyama akaongeza vidonge vya steroidi, akatuonya waziwazi kwamba vitamrudishia hamu ya kula lakini vitaipandisha sukari. Kila baada ya siku mbili nimpigie simu nimsomee namba, naye ataamua insulini iongezwe kiasi gani. Bila namba, alisema, tutamuua kwa mikono yetu wenyewe.

Kweli akala. Na namba zikawa nzuri ajabu: kumi, tisa, kumi na moja. Daktari aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mama mkwe wangu amestaafu ukarani bila kukosea hesabu hata moja. Basi, akasema, insulini ibaki palepale.

Lakini bakuli la maji nililijaza mara nne kwa siku. Miguu ya nyuma ikalegea, akawa anakanyagia visigino. Mdomo wake ulinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nilipomwambia Mama, alisema nitazame daftari, kila kitu kiko sawa. Nilikuwa na oda ya mapazia ya ukumbi mzima, nikanyamaza. Najilaumu mpaka leo.

Siku ya tisa Mama alichelewa bafuni na saa moja ikapita, nikaamua kumpima mwenyewe. Siku zote nikimgusa huyu hunichana mikono. Asubuhi ile alilala tu, akaniachia sikio. Hapo ndipo nilipoogopa. Kipimo hakikutoa namba, kiliandika herufi mbili tu, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu. Nikabonyeza kumbukumbu. Jana jioni, thelathini na moja. Jana asubuhi, ishirini na tisa. Daftarini, kwa mwandiko safi wa Mama: tisa na nusu, kumi.

Alipotoka bafuni nilikuwa nimefura kwa hasira. Nikamwekea vyote viwili mezani.

"Daktari angejua, angemkatia vidonge," alisema. "Na vidonge ndivyo vilivyomlisha."

Nikamfunga Mheshimiwa kwenye taulo, nikabeba mkoba wa kipimo, tukaita teksi.

Daktari alimnusa mdomo, akamtundikia dripu bila kupoteza muda. Alisema damu imeanza kuingia sumu. Angeambiwa ukweli angeongeza insulini tu, vidonge asingevikata ghafla hata kwa kuombwa. Ahadi kwamba atapona hakutoa. Mama aliyasikia yote. Kisha daktari akachukua kipimo chetu ili anakili namba za kweli. Zilikuwa mbili kwa siku, mwezi mzima, zote za saa moja. Alijua Mama naye ana kisukari, akamuuliza kwa upole kama ana kipimo kingine cha kwake.

Hatukuwa na kingine. Na mimi nilishaliona daftari lake Mama la kliniki: sita, saba, sita.

"Mama, wewe umejipima lini?"

Akatazama sakafu. Alisema kule kliniki nesi husoma namba za kila mtu kwa sauti, foleni nzima ikisikia, na mwenye kubwa hugombezwa kama mtoto. Miaka mingi anaandika ndogo. Na tangu Mheshimiwa augue kisukari, vijiti vya mwezi vilimtosha mmoja wao tu.

Hasira yote ikaniisha, ikabaki hofu. Nikamwomba kidole. Akauficha mkono chini ya mtandio, akasema kijiti kimebaki kimoja, nacho ni cha Mheshimiwa jioni. Sikubishana naye. Nilikaa na kipimo mkononi mpaka akautoa mkono mwenyewe. Kidole kilikuwa cha baridi. Kipimo kikaandika zile herufi mbili.

Daktari alikitazama, akasema twende hospitali sasa hivi, tusipitie nyumbani. Nikamshika Mama kiunoni. Mlangoni akasimama, akageuka kuitazama meza yenye dripu.

"Akiamka asinione, atadhani nimemtupa."

Nikamwambia tutarudi jioni, wala sikujua kama ni kweli.