Bado Mke Wake

Daktari aliuliza mke wa mgonjwa ni nani, na wifi yangu akajibu kabla sijafungua mdomo. "Hana mke. Huyu na kaka yangu walishatengana."

"Kuna talaka?" daktari akauliza.

Talaka haikuwepo. Talaka inataka watu wawili wakubaliane jambo, na mimi na mume wangu hata rangi ya pazia ilitushinda. Alibeba godoro akahamia kwenye karakana yake ya makochi, mimi nikabaki na nyumba na huu mdomo wangu, ambao ndio alioukimbia. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

"Basi kisheria bado ni mke," daktari akasema. "Mgonjwa hawezi kujiamulia. Mkewe ndiye atakayetupa jibu."

Wifi alinitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, na sikumlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula na kumfulia, na yeye ndiye aliyemkuta ameanguka kati ya mbao na sponji.

Damu ilikuwa imevuja kichwani. Wakimpasua huenda akaishi, lakini kitandani, akila kwa mpira, bila kusema tena. Wasipompasua, angeondoka siku hizo hizo.

"Wifi, waambie wampasue," alinisihi huku analia. "Nitamtunza mimi."

Hata mimi nilitaka hivyo, tena kwa sababu mbaya zaidi. Nilitaka arudi nyumbani, alale chumbani kwetu, na asiweze tena kuinuka akaondoka. Nilishaanza kupanga kitanda kikae upande gani.

Niliomba nimwone kwanza.

Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Nilifanya naye kazi miaka mingi, mimi nikishona vitambaa, yeye akivipigilia kwenye fremu. Fundi makochi huweka misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja, kwa hiyo siku nzima haongei, anaguna. Tulikuwa na lugha yetu ya miguno. Mmoja mrefu maana yake vuta kitambaa. Miwili mifupi maana yake acha, imetosha, ukivuta zaidi kitachanika.

Nikamwinamia. "Mume wangu, wanataka kukupasua kichwa. Utaishi, lakini kitandani, na hutasema tena." Nikajaribu kucheka. "Si kwamba ulikuwa msemaji."

Akaguna mara mbili, kwa ufupi.

Nikajifanya sikusikia. Nikamshika mkono, nikamwuliza upya, polepole. Akaguna vilevile, mara mbili, jicho lake zima likinitazama mimi.

"Hizo ni sauti tu, mama," muuguzi akasema kwa upole. "Zinamtoka zenyewe."

Ningeweza kulishika neno hilo. Hakuna mwingine duniani aliyeijua lugha ile, na nilimtaka mume wangu hai kuliko nilivyowahi kumwambia. Nilisimama pale nikalia hadi muuguzi akanivutia kiti.

Kisha nikatoka, nikamwambia daktari, "Msimpasue."

"Umemuua!" wifi akapiga ukelele. "Ulishindwa naye akiwa mzima, sasa umemmaliza!"

Nilimweleza habari ya miguno. Akaniambia nikamdanganye mtoto. Nikarudi ndani, nikakaa kando ya mume wangu.

Alikufa Jumapili mchana, mimi na wifi tukiwa tumekaa pande mbili za kitanda.

Kesho yake ndugu zake walijaa nje ya mochwari, wote wamenipa mgongo. Nilisimama peke yangu karibu na ukuta, sina hakika kama hata nafasi ya kulia hadharani ninayo. Mhudumu akatoka akauliza nani wa kusaini mwili utoke. Kaka mkubwa wa marehemu akasogea mbele.

Wifi akamshika mkono akamzuia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Akageuka, akanitafuta kati ya watu mpaka akaniona.

"Si wewe, kaka," akasema. "Ni yule pale. Mkewe."