Mwenye Koti la Njano

Ofisini waliniita Jicho, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi. Nikiingia jikoni kuchukua chai, mazungumzo yalikatika ghafla na kila mtu akakumbuka ana kazi mezani. Siwalaumu. Kutwa nilikaa kwenye kachumba kasiko na dirisha, nyuma ya stoo ya karatasi, nikiangalia kila mfanyakazi wa kampuni yetu ya bima anafungua nini kwenye intaneti. Siku tulipobandika tangazo kwamba wote wanaangaliwa, ofisi nzima iliokoka kwa asubuhi moja. Mhasibu mmoja, mpenda mpira wa kufa mtu, alianza kusoma masharti ya bima ya moto. Simu za mkononi nazo zilifungiwa kwenye makabati ya getini hadi jioni, yangu ikiwemo. Hiyo ilikuwa amri ya Meneja.

Aliyebaki vilevile ni mmoja tu, Mama Mihuri wa dawati la madai, mwanamke mtu mzima ambaye akigonga muhuri wake glasi za maji zinatikisika. Kila saa sita mchana, wenzake wakishuka kula, alifungua ukurasa uleule. Ulikuwa wa kamera iliyofungwa juu ya jengo fulani katika mji wa mbali wenye baridi, ikionyesha uwanja wa mawe, mabenchi na nguzo za taa. Hapakuwa na la maana pale. Watu wanapita, njiwa wanatua, basi.

Umbea ni ugonjwa wa kazi hii, nikawa naufungua na mimi. Ndipo nikamwona msichana mwenye koti la njano akikatiza uwanja haraka haraka, kichwa chini, mkoba begani. Koti likishapotea upande wa kulia, Mama Mihuri anafunga ukurasa na kurudi kwenye mafaili yake. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa.

Nami nikaanza kumsubiri huyo msichana. Asipotokea mapema, chai yangu inapoa nikiwa nimekodoa macho. Mama yangu mzazi alishafariki, na jioni nikifika nyumbani hakuna anayeuliza kama nimekula. Mimi ninayelipwa kuangalia watu nilitamani, tena nilitamani sana, nipate mtu wa kuniangalia namna ile.

Wiki moja Meneja aliingia kachumbani amevimba.

"Intaneti inajikokota. Nani anaimaliza?"

"Ni hizi video, bosi. Wanaofungua ni wengi," nikasema, jina la Mama Mihuri nikalimeza.

"Zifunge zote. Kuanzia Ijumaa saa saba mchana, isifunguke hata moja. Na neno la siri la kufungulia nitaliweka mwenyewe. Wewe nakujua, una huruma za kijinga."

Siku hiyohiyo nikaenda kwa Mama Mihuri. Nilikuwa nakohoakohoa kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama, samahani. Ule ukurasa wako wa mchana..."

"Nilijua unauona. Si ndiyo kazi yako?"

"Ijumaa unafungwa, mama."

Muhuri ukabaki hewani. Akauweka chini taratibu, usigonge.

"Yule ni binti yangu," akasema. "Kitinda mimba wangu. Alipotaka kuondoka tuligombana. Nikamwambia akivuka mlango huu asinijue tena, na siku yenyewe sikutoka hata chumbani kumuaga. Sasa nikipiga hapokei, nikimwandikia hajibu. Mdogo wangu ndiye aliyeninong'oneza kwamba anafanya kazi kwa dobi, ng'ambo ya huo uwanja. Hapa ndipo ninapomwona. Siku za mapumziko hapiti, na jioni nikirudishiwa simu yangu, kule ameshaingia ndani."

"Mwambie basi kwamba unamwona."

"Nimwambie!" Akanitazama kama mtoto asiyeelewa somo. "Ninyi mlipobandika tangazo lenu, nani alibaki alivyokuwa? Akijua namwona, atapita njia nyingine. Acha nimwibe hivihivi, mwanangu, kuliko nimkose kabisa."

Nilirudi kachumbani nikakaa, na kwa mara ya kwanza nikaichukia kazi yangu bila kutafuta kisingizio.

Ijumaa asubuhi alinisimamisha kwenye ngazi. "Nimemwandikia," akasema. "Nimemwambia uwanjani kwake kuna kamera, mimi humwona kila siku, na leo ndiyo mwisho. Nimempa na namba ya simu ya mezani kwangu. Namkosa vyovyote vile, basi bora ajue."

Meneja aliweka neno lake la siri, nami nikategesha mitambo ijifunge yenyewe saa saba, bila wasiwasi, kwa kuwa koti la njano halijawahi kuchelewa hivyo. Saa sita nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Tulikuwa wawili tu na viti vitupu. Walipita watu wenye miavuli, akapita mzee na mbwa wake. Koti halikutokea. Mama Mihuri alikuwa akizungusha pete kidoleni, anaivua, anaivaa.

"Amebadilisha njia," akasema. "Si nilikwambia?"

Saa saba ilikuwa inabisha hodi koti lilipoingia. Safari hii lilitembea polepole, likasimama katikati ya uwanja. Msichana aliinua kichwa, akatazama mapaa, akatazama nguzo moja baada ya nyingine. Hakujua kamera iko wapi. Akachagua nguzo ya taa yenye kisanduku juu, akajipanga mbele yake, akanyoosha nywele, akapunga mkono kwa nguvu zake zote. Sisi alikuwa ametupa mgongo.

"Siyo huko!" Mama Mihuri akaikemea skrini, akaigonga kwa kidole. "Geuka, mama. Geuka!"

Msichana akatoa simu mfukoni. Ya mezani ikalia.

"Mama?" Sauti ilinifikia hadi niliposimama. "Unaniona?"

"Nakuona mgongo tu!" Alikuwa anacheka huku machozi yakimtiririka. "Umekonda, wewe. Kamera iko nyuma yako, juu. Geuka nikuone."

Koti likaanza kugeuka. Niliona shavu, nikaona ncha ya pua. Kisha skrini ikawa nyeupe na maandishi yakatokea katikati: Ukurasa huu hauruhusiwi.

Nilikimbia hadi mlango wa Meneja. Ulikuwa umefungwa, amekwenda kula. Nikarudi mikono mitupu, na simu bado ilikuwa sikioni kwake.

"Nimegeuka, mama. Mbona umenyamaza? Unaniona sasa?"

Mama Mihuri aliweka kiganja juu ya skrini, palepale uso ulipokuwa unakuja.

"Nakuona," akasema. "Nakuona vizuri kabisa, mwanangu. Funga vifungo vya koti, kuna baridi."