Mishipi Minne kwa Nyaya Mbili

Kapteni alipatwa na kiharusi Jumanne asubuhi, akiwa bafuni na mswaki mdomoni. Mkewe alisikia kishindo, akadhani ni ndoo. Wiki tatu baadaye alirudishwa nyumbani na mkono wa kulia uliolala pajani kama kitu alichoazimwa, na neno moja tu kinywani. Neno lenyewe lilikuwa "bado". Akitaka maji, bado. Akikataa dawa, bado. Akikasirika, bado, kwa sauti iliyofika kwa majirani. Hospitali ilisema maneno mengine huenda yakarudi na huenda yasirudi, ikampa mkewe karatasi ya mazoezi.

Jina la Kapteni lilimkaa tu. Hakuwahi kuongoza meli yoyote. Alikuwa na boti ya mita nane ambayo kwa miaka mingi ilipeleka wageni kuvua ziwani. Mkewe aliuza katika duka la dawa siku za kazi, na kwa sababu hiyo watu walimwita Bi Dawa. Mwisho wa wiki alishika usukani. Mambo ya mbele ya boti aliyajua vizuri: injini, hali ya hewa, na ile mashine yenye kioo inayoonyesha kina cha maji. Mambo ya nyuma, yaani mishipi, hakuyajua. Mumewe hakuruhusu mtu ayaguse, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa dada mdogo wa Kapteni, fundi cherehani, aliyeitwa Sindano, na si kwa sababu ya ufundi peke yake. Siku ya harusi ya kaka yake alisimama mbele ya wageni akasema, "Bibi harusi anajua kupima dawa. Tumwombe asije akatupimia sumu." Watu walicheka. Bibi harusi hakucheka. Miaka kumi na tisa ilipita, na mawifi hao wawili walikutana kwenye misiba na kusalimiana kwa adabu zote.

Kwa hiyo Bi Dawa alipopiga hodi kwenye chumba cha cherehani, Sindano alishtuka.

"Kaka kazidiwa?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya mishipi."

Sindano alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kijimto chake cha pamba.

"Si uiuze tu hiyo boti?"

"Akiiona inaondoka, atakwenda nayo. Wageni wa kwanza wanakuja mwezi ujao."

"Na mimi nguo za watu nitashona saa ngapi?"

"Ni Jumamosi na Jumapili tu."

Sindano alimtazama wifi yake kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Utanisikiliza?"

"Nyuma ya boti nitakusikiliza. Mbele utanisikiliza wewe."

"Makubwa," alisema Sindano. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja, saa moja kamili, na koleo lake mwenyewe mfukoni.

Walifanyia mazoezi barazani. Winchi waliifunga ukingoni mwa meza, Kapteni akawekewa kiti karibu na mlango. Winchi yenyewe ilikuwa kitu kidogo: gurudumu la waya mwembamba wa chuma, mkono mfupi wa kuutoa waya nje ya boti, mpini wa kuzungusha, na breki. Mwisho wa waya lilining'inia chubwi, tufe la risasi la kilo tano.

"Samaki wakubwa wako chini, kwenye maji baridi," Sindano alieleza. "Boti ikitembea, chambo kinapanda juu. Chubwi ndilo linalokishikilia kule chini. Sasa, mshipi wa kwanza. Unauachia nyuma ya boti hatua thelathini. Halafu unaubana kwenye kibanio, hiki hapa, juu kidogo ya chubwi. Shusha pima tatu. Simama. Sasa unafunga kibanio cha pili kwenye waya, unachukua mshipi wa pili, unauachia hatua kumi na tano tu, unaubana. Ndipo unashusha vyote pamoja."

"Kwa nini wa pili uwe mfupi?"

"Boti ikikata kona, mishipi nayo inakata kona. Wa juu ukiwa mrefu utaanguka juu ya wa chini, na hapo utashinda kutwa ukifumua. Wa chini mrefu, wa juu mfupi. Sema."

"Wa chini mrefu, wa juu mfupi."

"Samaki akivuta, kibanio kinaachia, ufito wa kuvulia uliokuwa umepinda unafyatuka unasimama wima. Hapo mtu anaushika. Na wewe unapandisha waya haraka, kabla samaki hajajizungusha kwenye ule mshipi mwingine."

Nyaya mbili, mishipi minne. Bi Dawa alirudia mara kumi na moja, akishusha chubwi kutoka mezani hadi kwenye ndoo iliyokuwa chini. Alikuwa na vidole vya mtu aliyehesabu vidonge maisha yake yote, na mara ya mwisho hakukosea kitu.

"Bado!" alifoka Kapteni.

Wakageuka. Bi Dawa alianza upya. "Bado!" Sindano akabadilisha kibanio. "Bado!" Wakapunguza pima, wakaongeza hatua, wakampa maji. Uso wa Kapteni uliiva kwa hasira. Mwishowe alijivuta hadi ukingoni mwa kiti, akanyoosha mkono wa kushoto, akaugonga mpini wa breki. Ulikuwa umekazwa hadi mwisho. Bi Dawa akaulegeza nusu mzunguko, akalivuta chubwi kwa nguvu. Gurudumu likaachia waya kidogo, kwa kusitasita.

"Bado," alisema Kapteni polepole, akaegemea kiti.

"Chubwi likinasa," alisema Bi Dawa, "waya lazima utoke wenyewe."

"Nilikuwa najua," alisema Sindano.

Ziwa lile lilitokana na mto uliozibwa, na chini yake kulikuwa na msitu mzima uliozama ukiwa umesimama. Visiki vyake Kapteni alivijua kama meno yake. Bi Dawa alivijua kwa alama alizoziona kwenye kioo, ambazo hazikutosha.

Wageni wa kwanza walikuwa daktari wa meno na mkewe, waliokuja kila mwaka. Daktari alikuwa msemaji. Mkewe alikaa na kofia yake pana, akisema ndiyo na asante. Kulikuwa na upepo kutoka nyuma na mawimbi mafupi. Bi Dawa aliiendesha boti kwa mwendo wa mtu anayetembea, na Sindano alipanga mishipi yote minne bila kutafuta neno. Fito nne zikapinda nyuma ya boti.

Shida ilianzia kwenye winchi ya kushoto. Kila wimbi lilipoinyanyua boti, waya uliteleza kidogo. Baada ya robo saa mishipi ya upande ule ilikuwa imeshuka pima mbili zaidi ya ilipotakiwa. Sindano aliirudisha. Ikashuka tena. Aliirudisha mara tatu, na mara ya nne alitazama mbele, akaona mgongo wa wifi yake, akaikaza breki hadi mwisho.

Kama dakika kumi zilipita. Daktari alikuwa katikati ya hadithi ya mgonjwa aliyemng'ata, pembe ya kushoto ya boti ilipozama ghafla, kana kwamba mtu ameishika kutoka chini. Waya ulilia. Fito za kushoto zilikatika mishipi yake, moja kisha nyingine.

"Tumenasa!" alipiga kelele Sindano.

Bi Dawa alitoa gia. Boti ilipaswa kusimama, lakini upepo uliisukuma mbele, na waya uliendelea kuivuta nyuma na chini. Wimbi la kwanza lilimwagika ndani, likafika kwenye vifundo vya miguu. Kurudi kinyumenyume asingeweza. Ile mishipi miwili ya kulia ingeingia kwenye panga la injini. Sindano alikuwa ameishika breki kwa mikono yote miwili, lakini ilikuwa imebanwa na uzito wa boti nzima na haikugeuka.

"Kata!" alisema Bi Dawa.

"Chubwi la kaka..."

"Kata, wifi!"

Wimbi la pili likaingia. Sindano alitoa koleo mfukoni, akaukata waya. Boti iliruka juu kama kizibo. Ncha ya waya ikarudi nyuma na kumpiga juu ya jicho, akaketi kwenye maji bila kutaka.

Damu ilimtiririka Sindano hadi kidevuni. Alitaka kuinuka akapandishe waya wa kulia, na wakati huohuo ufito wa mshipi wa juu wa upande ule ukafyatuka, ukasimama wima, ukaanza kutikisika.

Aliyeushika alikuwa mke wa daktari. Hakuulizwa wala hakuuliza. Bi Dawa aliuacha usukani, akaenda nyuma, akazungusha mpini wa winchi kwa haraka ile ya barazani, akatoa kibanio, akauvuta na kuuweka kando ule mshipi wa chini. Daktari alikuwa akichota maji kwa kofia ya mkewe. Samaki aliyetoka alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima.

"Jino ningeling'oa hapahapa," daktari alimwambia Sindano, akimbandika plasta. "Lakini nyusi si kazi yangu. Hiyo inataka kushonwa."

Zahanati ilimshona nyuzi tano. Alijitazama kwenye kioo cha mlangoni.

"Huyu kashona kama anafunga gunia," alisema. "Ingekuwa gauni ningelifumua."

Bi Dawa alicheka, akanyamaza haraka.

Jioni ile walikwenda wote wawili chumbani kwa Kapteni. Alitazama plasta, akatazama waya uliokatwa, ambao mkewe alikuwa ameukunja na kuuweka mezani.

"Kaka," alisema Sindano, "breki niliikaza mimi. Ulituonyesha na nikaikaza. Boti nusura izame, na mkeo na wageni wakiwa ndani."

Kapteni hakusema neno lake. Aligeuza uso akautazama ukuta, na ukuta huo akaendelea kuutazama hadi dada yake alipotoka.

Bi Dawa alimkuta kwenye ngazi za nje. Sindano alikuwa analia kwa jicho moja, lile lingine likiwa limevimba.

"Jumamosi tunaondoka saa kumi na mbili," alisema Bi Dawa. "Chubwi lingine lipo stoo."

"Tafuta mtu mwingine, wifi. Mimi nimeshaharibu."

Bi Dawa aliketi ngazi moja juu yake.

"Nilikuona," alisema.

"Uliona nini?"

"Ulipoikaza breki. Kwenye kile kioo cha pembeni mwa usukani naona nyuma yote. Nilikuona na nikanyamaza."

Sindano aligeuza kichwa. "Kwa nini?"

"Tulikubaliana nyuma ni kwako." Akafikiri kidogo, kisha akasema lililobaki. "Hapana. Nilitaka ukosee. Si kunasa, Mungu ni shahidi, sikuwaza kisiki. Nilitaka tu siku moja niwe na la kukuambia."

Mtu alipita barabarani akisukuma baiskeli, akawasalimia, nao wakamwitikia kama kawaida. Alipofika kona Sindano akaanza kucheka, akiishika plasta isifunguke.

"Kumbe sumu ulikuwa nayo kweli."

"Kidogo," alisema Bi Dawa. "Ya kijiko cha chai."

Hawakukumbatiana. Walikubaliana mambo mawili: kwamba atakayegusa breki atasema kwa sauti, na kwamba siku ya mawimbi winchi itabeba chubwi jepesi na mshipi mmoja badala ya miwili. Jumamosi saa kumi na mbili boti iliondoka. Kapteni alimnyima dada yake uso kwa siku tisa zaidi. Siku ya kumi alimsogezea bakuli la karanga, na hilo likaisha.

Msimu ule walitoka na wageni mara thelathini na moja. Walinasa mara nne zaidi. Kila mara breki iliachia waya, Bi Dawa akatoa gia, akaizungusha boti kwa tahadhari hadi chubwi likajinasua. Waligombana karibu kila wiki, kuhusu mwendo, kuhusu rangi ya vijiko vya bati walivyotumia kama chambo, kuhusu nani ameacha sanduku la barafu wazi. Wageni wengine walidhani ni ndugu wa tumbo moja.

Mwezi wa tano Kapteni alikuwa amepata maneno kama kumi, mojawapo tusi ambalo halikuwamo kwenye karatasi ya mazoezi. Walimbeba hadi kwenye boti siku ya maji matulivu, hakuna wageni, wakamfunga mkanda kwenye kiti cha nyuma na mito pande zote. Alitazama Sindano akipanga mishipi minne, akakagua breki zote mbili kwa mkono wa kushoto. Halafu akasinzia.

Ufito ulifyatuka karibu na bega lake. Aliamka, akaushika kabla ya yeyote kufika. Alikuwa na mkono mmoja wa kushikilia na hakuwa na wa kuzungusha. Bi Dawa alitoa gia, akapiga magoti mbele yake, akaanza kuzungusha gurudumu la mshipi kila alipouona ufito ukilegea. Sindano alipandisha waya. Walifanya hivyo kwa karibu dakika ishirini, Kapteni akihema, mkewe akihesabu kimoyomoyo. Samaki alionekana chini ya maji, mpana, akageuka ubavu mara moja. Sindano aliinama na wavu, na ndoana ikatoka.

Mshipi ulilegea. Wote watatu walitazama mahali alipokuwa.

"Wavu ulikuwa umechelewa," alisema Bi Dawa.

"Wavu? Wewe ndiye ulizungusha kama unasaga nyama!"

Kapteni aliwatazama, huyu kisha huyu, jasho likimtoka. Kisha akamrudishia dada yake ufito, akamwonyesha kwa kidevu ashushe tena.